Mguu wa Baba na Watu Wasio na Neno

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Karakana ya Matairi.
Jumamosi, tarehe 14.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wako umepoa tangu hoteli ilipowanunulia watu wa mapokezi viti vyenye egemeo? Na huyo mwanao mkubwa, mitihani ameimaliza au bado anajifungia chumbani akijidai anasoma? Mwambie shangazi yake anamkumbuka, na kwamba nilipokuwa na umri wake nami nilikuwa najifungia, ila nilikuwa nasoma kweli, vitabu visivyokuwa vya mtihani.

Hapa ndipo adabu inaponitaka niseme kwamba sisi nasi huku ni wazima wa afya. Sisemi. Baba ana kidonda mguuni, kimeoza, na daktari anataka kumkata mguu chini ya goti siku ya Jumatano. Asipokatwa, sumu itapanda na tutamzika. Nimeliweka jambo hili hapa juu kwa makusudi. Nikilichelewesha kwa salamu utalisoma kama ulivyolisikia kwenye simu: "Mzee anaendelea vizuri, kajikwaa tu kidogo."

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani unaijua. Inapita mkono kwa mkono kama kichanga, kila anayeibeba anakuchekea, anakwambia salama, anampa mwingine. Nikikupigia peke yangu, kabla sijafika kwenye habari yenyewe unaniambia, kwa jina mlilonibandika kwa ubishi wangu, "Wakili, punguza sauti, niko kazini." Karatasi haina sauti ya kupunguzwa. Dereva wa lori la vigae anayekaa ghorofa ya chini yetu anaondoka kesho asubuhi, na ameniahidi kukukabidhi mkononi kabla ya Jumatatu kwisha.

Sasa nikueleze lilivyoanza. Lilianza na pini. Baba alikuwa anapunguza suruali ya bwana harusi, pini moja ikaanguka, akaikanyaga ikapenya soli ya kile kiatu chake chepesi cha kazini. Hakuisikia. Kisukari kimemuua hisia za nyayo, jambo ambalo hakumwambia mtu. Akakanyaga cherehani kutwa nzima na pini ikiwa ndani ya mguu.

Unamjua Baba na miguu yake. Tangu tuko wadogo hajawahi kukaa mbele ya mteja bila soksi na viatu. Alikuwa akisema mteja akiviona vidole vya fundi ataanza kujiuliza suti yake imepita wapi. Basi vidole vikabaki ndani ya soksi, na kidonda kikabaki pamoja navyo.

Chumba cha kushonea kikaanza kunuka. Mama akanunua dawa ya kupulizia hewa, yenye picha ya malimau. Ilipoisha akanunua nyingine. Wateja wakawa wanapimwa barazani, mikono wameinyoosha kama watu wanaokamatwa, majirani wakiwatazama. Mmoja alimwambia Baba kwamba yeye siku hizi anapenda sana hewa ya nje. Baba akamjibu kwamba hata yeye anaipenda. Wakahamishia meza ya kukatia vitambaa barazani. Nyumba nzima ilipangwa upya kuuzunguka ule mguu, na hakuna aliyeutaja.

Mimi nilikuwa safarini kwenye mihadhara. Niliporudi, nilipovuka tu kizingiti, nikauliza, "Kuna nini kimekufa humu?" Wakacheka. Mdogo wetu akasema, "Wakili karudi!" Nikaketishwa, nikapewa chai.

Mke wa mdogo wetu ndiye afuaye nguo za Baba, kwa hiyo nilimfuata chini uani kwenye beseni.

"Ulikuwa unajua?"

"Soksi zilikuwa zinagandamana, wifi. Nazilowesha usiku kucha."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Na hukusema?"

Akanitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo sokoni. "Mimi mkwe, wifi. Nimwambie baba mkwe kwamba soksi yake inatoa usaha? Kwa mdomo upi?"

Nikamwendea mdogo wetu. Yeye alidhani Mama anajua, na kama Mama anajua na amenyamaza, basi si jambo la mtoto. Nikamwendea Mama. Mama akasema mtu mzima akinyamaza ana sababu yake, naye hakutaka kumvunjia mumewe heshima.

"Na yeye ananyamaza kwa kuwa nyinyi mmenyamaza," nikamwambia.

"Basi tumeelewana," akasema Mama, akaendelea kukunja shuka.

Kaka, nilitaka kupiga mayowe. Watu watatu ndani ya nyumba moja, wote wanampenda, wote wana pua. Wameelewana! Na neno wanalolitumia kuhalalisha hili ni stara. Tumstiri mzee. Mimi sina ugomvi na stara. Baba amewavisha watu wa mji huu maisha yake yote, mabega yaliyoinama akayanyoosha kwa pamba, vitambi akavipitisha ndani ya koti hadi havionekani. Hiyo ni stara na naivulia kofia. Lakini kuna kumfunika mtu na kuna kumfukia. Kumfukia hakuhitaji ubaya wowote. Kunahitaji tu kila mmoja amtazame mwenzake usoni, aone ametulia, naye atulie.

Nimesoma juu ya hili, najua hupendi ninapoanza hivyo, lakini nivumilie. Wataalamu wamewahi kuwaweka watu chumbani na kuwaonyesha mistari, wakawauliza upi mrefu. Wenzao wote wakitaja ule mfupi, wako watu wengi watakaotaja mfupi, na macho wanayo. Halafu wako wasomi wanaotaka kutugawa: huko kwa wengine kila mtu ni bwana wa nafsi yake, huku kwetu sote ni kitu kimoja. Upuuzi. Nimekaa katika vikao vya wahariri ambamo kila mmoja anajiita huru na wote wamevaa miwani ya aina moja na wanakichukia kitabu kimoja. Mkumbo hauna kabila. Tofauti ni jina zuri tunaloupachika. Wao wanauita busara, sisi tunauita heshima. Na jina likishakuwa zuri, atakayeuliza swali ndiye anakuwa mchafu.

Nirudi kwa Baba. Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nikagundua alikwisha kwenda na Mama kabla yangu, akarudishwa na vidonge vya maumivu. Nikashangaa daktari wa namna gani huyu. Nilipoingia nikaelewa. Ni binti kijana, mwerevu, na suti ya harusi ya baba yake ilishonwa na Baba. Alisimama kabisa kitini.

"Shikamoo mzee wangu! Hujambo?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo."

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri tu. Nzuri kabisa."

"Mguu?"

"Haujambo. Baba yako hajambo? Lile koti bado linamkaa?"

"Linamkaa, ila tumbo limeongezeka."

"Aniletee nimwachilie pembeni. Niliacha kitambaa cha ziada."

Wakacheka wote wawili, na yule binti akaanza kuandika, Kaka. Alikuwa anaandika kwamba hajambo! Kalamu inakwenda. Mtu katamkiwa salamu, akajibu salamu, kama tulivyofundishwa tangu tunatambaa kwamba jibu la habari ni nzuri, hata ukiwa unatoka mazikoni. Na salamu ikageuka kuwa ripoti ya ugonjwa. Baba hakudanganya. Daktari naye hakuzembea sana. Wote wawili walikuwa na adabu, na kwa adabu hiyo walikuwa wanamuua.

Nikapiga goti nikamvua kiatu. Alisema, "Acha," kwa sauti ndogo. Nikaivuta soksi. Haikutoka peke yake. Baba aligeuza uso ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha, akabaki anaitazama. Daktari aliangusha kalamu. Mama, aliyekuwa amekuja nasi, akajifunika mdomo. Na Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kumsindikiza mdogo wake na alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mtoto wa kike! Mbele za watu!"

Hilo ndilo aliloliona. Mguu ulikuwa mweusi hadi karibu na kifundo, na aliloliona yeye ni mimi.

Wakamlaza siku hiyo hiyo. Daktari wa upasuaji akasema wazi: vidole vimekufa, unyayo umekufa, kilichobaki ni kuwahi kabla sumu haijapanda. Anachotaka ni kusikia ndiyo kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kwa lugha nyepesi, neno moja.

Baba akasema, "Wazungumze wenzangu. Mimi sina neno."

Basi tukakaa kikao, sebuleni kwetu, Baba Mkubwa kwenye kiti cha mkono, wengine kwenye makochi. Nataka ukione kikao hiki kwa sababu nimekisimulia kwa rafiki zangu wakadhani nakitia chumvi.

Baba Mkubwa akafungua. Alisema ukoo wetu ni ukoo wa kusikilizana, na kwamba yeye kama mkubwa hatamlazimisha mtu. "Nawasikiliza nyinyi," akasema.

Mama akasema, "Sisi tunakusikiliza wewe, shemeji. Utakaloona."

"La, la. Mke ndiye wa kwanza. Wewe unasemaje?"

"Mimi sina neno."

"Kijana?"

Mdogo wetu akakohoa. "Wazee mkishasema, sina neno."

Mkewe aliulizwa kwa jicho tu, naye akajibu kwa kichwa.

"Vizuri sana," akasema Baba Mkubwa. "Basi tumekubaliana."

"Tumekubaliana nini?" nikauliza.

Naapa, Kaka, nilisikia friji.

"Wewe una haraka," akasema.

"Mguu ndio una haraka! Nauliza tumekubaliana akatwe au asikatwe?"

"Unaona? Unaona anavyosema? 'Akatwe.' Baba yake mzazi. Kama anataja kuni."

Na kuanzia hapo kikao kilihama. Hakikuwa tena kikao cha mguu, kikawa kikao cha mdomo wangu. Nilimvua Baba soksi mbele ya daktari ambaye ni mtoto wa mteja. Naandika magazetini mambo ya nyumba za watu. Sina mume wa kunituliza. Hilo la mwisho lilisemwa na mdogo wetu, na ningeomba umsamehe kwa niaba yangu maana mimi nimeshindwa. Waliafikiana, na safari hii kwa maneno kamili, kwamba nimwombe Baba Mkubwa radhi kabla jambo lolote halijaendelea. Kumbe wanaweza kuafikiana wakitaka.

Sikuomba. Siombi.

Jana nikaenda wodini kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa. Muuguzi aliniruhusu kwa sababu husoma makala zangu, au kwa sababu aliogopa nitamwandika; sikumuuliza. Nilitaka kuwa na Baba bila mtu mwingine yeyote, bila hata Mama. Nikavuta kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, Kaka. Nilikuwa na hoja za kutosha kuangusha serikali.

Akaniuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema hawana neno."

"Basi na mimi..."

"Baba, mguu ni wao?"

Akacheka. Mara ya kwanza tangu nirudi safarini. Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayechagua vifungo, "Ukatwe. Mimi niliamua siku ile ile daktari alipotamka."

Akaendelea. Huyo mgonjwa wa kitanda cha pili ni fundi umeme, na wameshazungumza: cherehani ya kukanyaga inafungwa mota, mota inawashwa kwa goti. Goti linabaki. Amekwisha kufikiria mota itakaa upande gani ili isiunguze kitambaa, na kwamba itabidi ainue meza kidogo. Mtu huyu tunayemwogopea, tunayemnyamazia, alikuwa ametutangulia wote. Amelala pale anasubiri sisi tufike.

"Sasa mbona hukusema? Baba, kila siku inayopita sumu inapanda!"

"Kaka yangu hajasema."

"Kaka yako hatasema mpaka wewe useme!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nenda ukamwambie yeye ameshasema. Mwambie nimesikia kwamba ameamua, na mimi nimekubali."

"Lakini hajaamua."

"Ukimwambia hivyo atakuwa ameamua."

Nikawaka. Nilimwambia kwamba huu ndio ugonjwa wenyewe, kwamba pini ni kisingizio tu. Nilimwambia mtu mzima, fundi, mwenye mguu wake na akili zake, hawezi kuazima ruhusa kutoka kwa mzee anayeogopa kusema hata rangi ya chai anayoitaka. Nilimwambia ataingia kwenye chumba cha upasuaji akiwa mtu huru au akiwa kondoo. Muuguzi alichungulia. Baba alinisubiri nimalize. Unajua anavyosubiri, anakunja utepe wa kupimia kidoleni. Utepe hakuwa nao, akawa anakunja ukingo wa shuka.

Halafu akasema, "Mwanangu, mimi naogopa. Wanakulaza chali, wanakuvua kila kitu, unalala hujui utaamka na nini. Maisha yangu yote nimekuwa mdogo wa mtu. Sitaki kuingia mle ndani nikiwa si wa mtu."

Nimebishana na mawaziri, Kaka. Nimebishana na maprofesa wawili kwa mpigo. Sikuwa na jibu. Bado sina, na nimekasirika kwamba sina, na bado nasema nina haki katika yote niliyoandika hapo juu. Ile familia nusura imuue kwa kumstahi. Na ni watu hao hao anaotaka kuwashika mkono akienda. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kuyafungia ndani ya makala moja.

Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa kutekeleza nilivyotumwa. Nilikuwa nimelikariri njiani: "Baba Mkubwa, Baba anakushukuru kwa uamuzi wako." Maneno machache. Nikabisha hodi, akanifungulia, akaketi na fimbo yake katikati ya magoti, akasubiri niombe radhi. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Unajua kama angekufa ingekuwa ni wewe umemuua?" Sijui kilitoka wapi. Najua kilitoka wapi. Akainuka, akanionyesha mlango. Sasa hataki nikanyage hospitali yeye akiwepo, na amewaambia wengine kwamba hatakwenda Jumatano ikiwa mimi nitakuwepo. Na Baba, asipomwona kaka yake, hatatamka ile ndiyo. Nimejaribu kumwambia daktari aichukue ndiyo ya jana. Anasema alipomuuliza jioni, Baba alimjibu kwamba anasubiri wakubwa zake.

Kwa hiyo mdomo wangu umeshindwa, na nahitaji wako. Nimeucheka mdomo huo miaka mingi. Nimesema kwamba unalipwa kutabasamu, kwamba mgeni akikuta mende kitandani wewe humpa pole mpaka anaondoka akikushukuru. Hiyo ndiyo kazi ninayokuomba uifanye. Mpigie Baba Mkubwa wewe mwenyewe, si kwa simu ya nyumbani, kwa ile ya kwake. Msalimie kirefu. Muulize goti lake, muulize wajukuu. Usiulize ameamua nini! Ukiuliza tu tumekwisha, atakwambia anatusikiliza sisi. Mwambie hivi: "Baba Mkubwa, nimesikia umeamua Baba afanyiwe upasuaji Jumatano, na kwamba utakuwa naye. Nakushukuru. Bila wewe tusingejua pa kuanzia." Halafu nyamaza. Atavuta pumzi. Mwache avute. Atasema, "Ndiyo, niliona ni vyema." Usicheke, Kaka, nakusihi.

Akikuuliza juu yangu, mwambie Jumatano sitakuwa ndani. Nitakaa nje kwenye benchi la karibu na duka la dawa, ambako hataniona, wala sitafungua kinywa. Hilo unaweza kumwahidi kwa niaba yangu, na nitalitimiza ingawa litanichoma.

Mama anakusalimu, nimemwambia nakuandikia, akaniambia nisikutie wasiwasi. Mdogo wetu na mkewe wanakusalimu. Mke wake, nikuambie, juzi alimpelekea Baba soksi mpya, moja tu, ya mguu wa kulia, ule utakaobaki, akaiweka chini ya mto bila kusema chochote, na Baba akaipokea bila kusema chochote, na mimi nikaenda kulia chooni. Nisalimie wifi yangu, nisalimie watoto wote mmoja mmoja.

Mungu awalinde ugenini, awape riziki ya halali na usingizi mzuri, na aufanye ulimi wako uwe mtamu Jumatatu hii kuliko ulivyowahi kuwa.

Piga kabla hujaikunja barua hii.

Mimi dada yako, nikupendaye hata tunapogombana,
Wakili